Mapenzi Yanayofanya Kazi Chinichini

Jumatatu, 10 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa. Kavutha ameimba jikoni tangu alfajiri. Kanyumba ketu ka nyuma ya bangalo la watu, hapa Loresho, ni kasri.

Doa ni moja: Mbaluka, mume wa Anita, dada yake Kavutha. Kila mchana humpigia Anita simu kutoka ofisini kwake Upper Hill. Kavutha amenisimulia hayo akishusha pumzi. Pumzi ile imenichoma.

Ofisini Westlands, Philister wa meza ya jirani amenifundisha kuandika huduma: programu isiyo na dirisha wala kitufe, inayofanya kazi chinichini mradi kompyuta inawaka, hata mwenyewe akienda zake. Ikifa, mashine huifufua. Nikasema hayo ndiyo mapenzi yenyewe. Philister akasema hapana, hiyo ni ya kutuma ripoti.

Nimeiandikia sentensi tamu tele. Kila saa itachagua moja na kumtumia Kavutha kupitia laini yangu ya pili, niliyoichomeka kwenye kompyuta ya ofisini.

Jumanne, 11 Machi

Kavutha amelia kwa furaha! Ameuliza napata wapi muda wa kumwandikia hivyo. Nikamjibu kwamba kila neno natunga mwenyewe, kazi ikisimama. Jioni Mbaluka akapiga simu. Akasema Anita amemgombeza kwa kumpigia mara moja tu kwa siku. Akaniuliza kama nilioa au nilifungua kituo cha redio.

Nimelala nikitabasamu.

Alhamisi, 13 Machi

Kavutha amenunua simu na laini mpya. Ile simu ya zamani, na laini yake ndani, amempelekea mama yake kule Kathiani. Mama mkwe anakuja Jumamosi kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza.

Nimefungua faili ya mipangilio, nikabadilisha namba, nikahifadhi. Philister akaniuliza kama nimeiwasha upya huduma. Nikamwambia kitu kinachofanya kazi vizuri hakisumbuliwi.

Ijumaa, 14 Machi

Kavutha amenuna. Hajapata ujumbe hata mmoja. Anadhani nimemchoka, mapema hivi. Nimelaumu mtandao. Faili nimeikagua: namba mpya imo. Nimemnunulia maua.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu.

Mama mkwe amefika, Mbaluka akiwa dereva. Kwa Wakamba, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Sikukaa karibu naye wala kumtazama usoni. Nilikuwa naosha vikombe, mikono imejaa povu, simu ya mama mkwe ilipolia. Akampa Kavutha amsomee.

Kavutha akasoma kwa sauti, kabla hajajizuia, kwamba midomo yako ni asali na shingo yako yaninyima usingizi. Mtumaji, kwa jina alilolihifadhi Kavutha mwenyewe: Mume Wangu.

Mama mkwe, akiutazama ukuta, akasema jumbe kama hizo zimekuwa zikija tangu Alhamisi, na kwamba mchungaji ameshaombwa amwombee mwenye namba hiyo. Mbaluka akapaliwa na chai. Kavutha akaitazama mikono yangu yenye povu, akauliza polepole ni nani basi anayeandika.

Nikakimbilia ofisini. Kumbe huduma ilisoma namba siku ile ilipowashwa, ikaishika hiyo hiyo. Nikaiua. Ikafufuka, safari hii ikasoma namba mpya, na kila ikifufuka huanza kwa kutuma ujumbe. Nikaiua tena. Ikafufuka tena. Kavutha, akiwa na hasira zake zote, akaambiwa mara kumi na moja mfululizo kuwa yeye ni nyota yangu. Mwishowe nikaing'oa laini.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe anadai mbuzi wa kuondoa aibu. Ni haki yake. Kavutha amenisamehe, roho yangu! Alisema hakuumizwa na asali ile. Aliumia kwa kuwa alimwambia kila mtu kanisani kwamba namwaza kila saa. Anataka ujumbe mmoja tu kwa siku, wa vidole vyangu, hata kama ni wa kununua mkate. Nikaapa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwandikia kwa vidole vyangu anunue mkate. Amejibu kwamba hajawahi kupata ujumbe mtamu kuliko huo.

Basi nimekusanya mwaka mzima wa jumbe kama hizo: mkate, mvua, umekula, nimechelewa. Huduma mpya itatuma moja kila siku, kwa saa isiyotabirika, ikikosea herufi hapa na pale kama mtu mwenye haraka. Philister ameuliza kama sikuapa. Nimemweleza kwamba vidole vilivyoiandika ni vyangu vyote kumi.