Mavi ya Siku ya Tano

Jamani, leo nimepatikana. Naandika haya nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya ng'ombe, shati langu jeupe limeanikwa kwenye uzio. Someni taratibu.

Wengi wenu mnajua niko chuo. Mkiniuliza nasomea nini huwa najibu "mazingira", halafu nabadilisha mada. Hata mama yangu mzazi pale Olasiti anajua ni mazingira. Leo nakiri: nasomea mavi. (Na mkojo. Tumalize yote.)

Kazi yenyewe ni hii. Ng'ombe anakula majani, na kwenye majani kuna nitrojeni. Kiasi fulani kinaingia kwenye maziwa, inayobaki anaitoa nyuma. Mimi natafuta ni kiasi gani kinatoka, ili mkulima ajue samadi yake ina nguvu gani shambani. Basi napima majani, napima maziwa, napima mavi na mkojo. Siku tano mfululizo, usiku na mchana. Ikikosekana siku moja, unaanza upya.

Ng'ombe wangu anaitwa Matroni. Jina alipewa kwa sababu anapiga teke bila onyo. Ni wa Mama Eliakunda, mjane anayeishi huku juu ya Makumira, kwenye migomba na kahawa. Huyu mama kanipokea kama mwanawe. Kanipa chumba, kanipa gambuti za marehemu mumewe, na siku nne zote tumekusanya bila kupoteza kitu. Mavi kwenye pipa la bluu, kila asubuhi napima, natoa sampuli, pipa linaanza upya. Mkojo unateremka kwenye sakafu ya zege mpaka kwenye ndoo.

Leo ilikuwa siku ya tano. Na leo ndiyo Dokta, mwalimu anayenisimamia, alikuwa anakuja kukagua. Akiridhika, sampuli zinakwenda maabara na mimi nahitimu na wenzangu. Asiporidhika, nabaki. Na mama yangu ameshanunua vitenge vya sare ya mahafali, yeye na shangazi zangu watatu.

Sasa sikieni ujinga wangu. Jana jioni nikaona siwezi kumpokea Dokta nanuka zizi. Nikaamua kurudi Olasiti kuoga na kupiga pasi shati. Zamu ya mwisho nikamwachia Mama Eliakunda, kazi anaijua. Nimeshafika getini, nikageuka nikasema sentensi iliyonimaliza:

"Mama, kesho nakuja na mgeni mkubwa. Naomba pawe pasafi kidogo."

"Hilo tu? Ondoa shaka, mwanangu."

Nikaondoka natembea kwa maringo.

Leo saa tatu asubuhi tukaingia. Mimi shati jeupe, raba nyeupe. (Raba nyeupe! Mtu anayekwenda zizini!) Dokta yeye kaja na gauni la kawaida na kandambili. Ni mtu mpole sana, hajawahi kumpandishia mwanafunzi sauti, na ndiyo maana tunamwogopa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia Mama Eliakunda.

"Marahaba, karibuni. Kaeni kwanza, chai ipo."

Nikataka twende moja kwa moja kwa Matroni, lakini huku hakuna mgeni anayepelekwa zizini na tumbo tupu. Tukakaa. Ikaja chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi, na maandazi ya moto. Nilikunywa vikombe vitatu. Vitatu, naomba mkumbuke hiyo namba.

Ndipo tukaenda zizini.

Jamani. Zizi linang'aa. Sakafu imesuguliwa. Matroni kaogeshwa mpaka kwato, anatutazama kama anayesubiri kupigwa picha. Pipa la bluu limeoshwa na kupinduliwa juu ya mti wa uzio likauke. Ndoo ya mkojo imejaa maji safi na maua ndani yake.

"Mama," nikasema, "mavi yako wapi?"

"Nimetoa yote! Si ulisema pawe pasafi?"

"Na mkojo?"

"Nimemwagia mboga."

"Lakini mama, si uliyakusanya?"

"Nilikusanya vizuri kabisa, pipa likajaa. Asubuhi nikaliangalia, nikasema hapana. Mgeni mkubwa atoke mjini, nimkaribishe kwa pipa la mavi? Watu watanionaje? Nikapeleka kwenye migomba."

Dokta akanitazama, halafu akatazama raba zangu.

Hapo akili ikanitoka. Nikakimbilia migombani. Nikaona lundo bichi chini ya majani makavu, nikapiga magoti, nikaanza kuzoa kwa mikono na kutia kwenye karai. Niliwaza labda nitaokoa hata nusu. Nilikuwa nimeshajaa mpaka kwenye viwiko Dokta aliponifikia.

"Elibariki, unafanya nini?"

"Naokoa sampuli, Dokta."

Mama Eliakunda akaja nyuma yake, kashika kiuno. Akachungulia karai. Akanionea huruma, niliiona kabisa usoni.

"Mwanangu, hayo ya nguruwe."

(Miaka miwili ya shahada ya uzamili. Miwili!)

Wote wawili wakatazama pembeni kwa heshima. Matroni akalia kule zizini, moo, ndefu. Nadhani alikuwa ananicheka.

Mama akanimwagia maji nikanawa. Tukarudi barazani. Dokta, kwa upole wake ule ule, akaanza kunitafutia njia ya kutokea. Mungu ambariki.

"Tulia, Elibariki. Si lazima uwe na mavi ya leo. Majani aliyokula Matroni jana ulipima?"

"Nilipima, Dokta. Na alichobakiza ng'ombe, mama kaandika, hiki hapa."

"Vizuri sana. Sasa chukua nitrojeni aliyokula, toa iliyoingia kwenye maziwa. Inayobaki ndiyo iliyotoka. Ni makadirio, lakini yanakubalika kwa siku moja. Nipe vipimo vya maziwa tu."

Nikafurahi nusura nimkumbatie kwa shati lile lile. Maziwa! Mizani ya maziwa iko jikoni inaning'inia, mama anaijua, siku nne hajakosea hata mara moja. Nikamgeukia.

"Mama, maziwa ya leo asubuhi yalifika kilo ngapi?"

Mama Eliakunda akakunja uso. Mara ya kwanza leo akaonekana kuchukia.

"Maziwa ya leo sikupima."

"Hukupima? Kwa nini, mama?"

"Yalikuwa ya wageni! Maziwa ya mgeni yanapimwa? Nimwekee mtu chai kwa mizani kama namuuzia? Mimi sijalelewa hivyo, baba."

Dokta akatazama chupa ya chai, tupu. Akatazama kikombe chake. Halafu akatazama vikombe vyangu, maana kila nilipomaliza mama alikuwa ananiletea kingine kisafi, na vyote vitatu vilikuwa bado mezani mbele yangu, vimejipanga.

"Basi," akasema, "nitrojeni ya siku ya tano tumeinywa. Wewe zaidi."

Na Dokta, ambaye hatujawahi kumwona akicheka chuoni, akacheka mpaka akavua miwani. Mama Eliakunda naye akaanza. Mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alipotulia akaniambia bila ukali: "Unaanza upya leo, siku tano. Ukimaliza bila kukosa, maabara bado watakupokea na utahitimu. Ukikosa tena, mahafali utakuja kupiga makofi. Kosa si la mama. Yeye kafanya anavyofanya mtu mwenye heshima zake. Wewe ndiye uliyeyaonea haya mavi yako."

Mama Eliakunda alipoelewa kilichotokea alitaka kulia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Akaenda kuniletea gambuti.

Dokta alipoondoka nikampigia mama yangu Olasiti. Nilitaka nimwandae, kwamba huenda sare zikasubiri.

"Kwani kuna nini?"

Nikavuta pumzi. "Mama, mimi sisomei mazingira. Yaani ni mazingira, ila ni mavi ya ng'ombe. Nayapima. Na leo yamemwagwa."

Nilisikia akipunguza sauti ya redio yake.

"Elibariki."

"Naam, mama."

"Hayo mavi ndiyo yaliyostawisha mahindi yaliyokulipia sekondari. Ulikuwa unamficha nani? Kitenge hakiozi. Rudi ukashike ndoo."

Basi ndiyo niko hapa, jioni ya siku ya kwanza, mara ya pili. Matroni ameinua mkia, naomba nikate kidogo. Atakayecheka, zamu ya alfajiri iko wazi, na chai ya leo inapimwa.