Chaneli 3,412 za Mama Mkwe

Kasongo, Jumatatu, 3 Novemba 2025
…na si uongo, kama nilivyomwambia Faridah wangu jana: chaneli 3,412 ni takataka. Mama yake anatafuta chaneli ya Kurani asubuhi nzima, anaangukia mpira wa nchi asizozijua. Orodha hiyo ya chaneli za intaneti iliwekwa kwenye televisheni yake na shemeji Kamaldine, anayesema mimi hata redio sijui kuiwasha. Tutaona! Nitaisafisha kabla ya Alhamisi. Siku hiyo mama mkwe anakaribisha wamama kwa kisomo. Atajua binti yake ameolewa na mtu! Wiki tatu za ndoa. Faridah akicheka, naangusha vitu. Leo sahani.

Jumanne, 4
Nimejaribu chaneli moja moja. Isiyofunguka, nafuta bila huruma. Rezo ya intaneti ikakatika saa nzima, nikaendelea kufuta. Zimebaki 41. Safi! Filamu za mapenzi nimezikusanya kundi moja, nikaliita FARIDAH WANGU, nikaliweka juu kabisa. Nikatuma orodha kwa simu kwenye televisheni ya mama mkwe. Faridah alisema nijaribu kwanza. Nikambusu.

Alhamisi, 6
Ee Mungu. Wamama kumi mkekani, mama mkwe akabonyeza: kijana na msichana wanabusiana, na juu yao, kwa herufi kubwa, jina la binti yake! Nikakimbia kuokoa. Mlangoni nikakwama. Kwetu, mkwe gani anaingia alipo mama mkwe? Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, Faridah akibeba maneno. Nikasema abonyeze chini. Mama akajibu: mwambie huyo mukwe, chini iko wengine, na hawa wamevua mashati. Nikasema atafute Kurani. Haiko. Niliifuta mwenyewe Jumanne, rezo ilipokatika. Kamaldine akapita, akaniuliza: shemeji, na ukuta unaonyesha mpira? Akarudisha takataka zake zote kwa dakika mbili. Wamama wakampigia vigelegele.

Ijumaa, 7
Mama mkwe ametuma neno: nisiguse televisheni yake mpaka aone mjukuu. Faridah akacheka. Leo kikombe.
Lakini! Mdogo wa mama mkwe, mama Amisa wa huko Wamaza, alikuwa mkekani. Amemuuliza Faridah kwa siri lile kundi la juu linapatikanaje. Kipaji kimetambuliwa! Namtumia chaneli 41 zilezile. Kundi la juu nimelipa jina la mama mkwe, kumwomba radhi. Kujaribu kwanza? Ya nini! Ikikwama, nyuma ya ukuta nimeshazoea. Mama Amisa, kabla mwezi haujaisha tutafika kwako kwa pikipiki, Faridah amenishika kiuno.