Mgeni wa Helikopta Aliyeondoka Bila Kutuahidi Chochote

Suguti, Musoma Vijijini
Agosti 1988

Ndugu Mhariri,

Mimi ni Wanzagi, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ya kijiji chetu. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nimekasirika, tena sana. Jana helikopta ilitua kwenye uwanja wetu wa mpira. Hapa kwetu chombo kikishuka toka juu, ndani yake kuna mkubwa. Hatujawahi kuona vinginevyo. Basi tukajipanga mistari miwili, kwaya ikaimba, mke wangu Boke akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na beberu wa Mzee Stanislausi akachinjwa. Kumbe ni mpiga picha wa Kizungu na rubani wake, wameshuka kupumzisha mashine! Malalamiko yetu ni haya:

1. Mgeni alikula nyama, akanywa uji wa mtama, akasema asante. Hakutuahidi chochote. Wageni wote waliomtangulia walituahidi maji. Pampu yetu ya mkono imekufa tangu enzi za foleni za sukari, na kila mkubwa aliyetua hapa ameiahidi upya, mmoja hadi machozi yakamlenga. Huyu hata zahanati hakuahidi. Ni dharau gani hii jamani?

2. Tulipomuuliza safari yake, alisema anakwenda nchi jirani kupiga picha maporomoko makubwa ya maji, akiwa angani. Ndugu Mhariri, maji yanayoanguka yenyewe yanafuatwa na helikopta. Maji yetu yanayokataa kupanda hayapigwi picha hata na mtu wa baiskeli. Boke anayafuata ziwani kila alfajiri, na mgongo umeanza kupinda. Inaniuma kumwona.

3. Maporomoko hayo, kwa maelezo yake, yanamwaga mchana na usiku, hata kama hakuna mwenye ndoo. Sabuni ilipoadimika tuligawiwa kwa kaya. Kwa nini maji hayo yasigawiwe? Tunaomba mgao wa Suguti, hata wa siku za kazi tu.

4. Ikishindikana, na kwa kuwa siku hizi kila kitu ni ruksa, tunaomba kibali cha kuingiza maporomoko yetu wenyewe, hata kama ni ya mtumba. Mlima wa kuyaweka tunao.

5. Hata hilo likishindikana, mpiga picha arudi atoe ahadi. Iwe ndogo tu. Hotuba tutamwandikia sisi.

Wasalimie wachapaji wako, pamoja na shemeji zangu wa Bunda na Butiama, wanaosoma gazeti lako kwa kupokezana.

Ni mimi, ninayeendelea kusubiri ahadi,
Wanzagi

Nyongeza: Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena. Asubuhi hii jirani yetu Ursula alikwenda kufunga mbuzi kwenye mpini wa pampu, kama tunavyofanyaga sote. Mbuzi akavuta, maji yakatoka! Sasa ndiyo tunakumbuka: katikati ya wimbo, rubani alichukua kimfuko akaelekea vichakani, upande wa pampu. Tulidhani anakwenda kujisaidia, na kwa adabu hakuna aliyegeuza shingo. Boke ameteka ndoo ya kwanza, amekaa chini, analia na kucheka. Tafadhali sana, barua hii usiichape. Wakubwa wakisikia maji yanatoka, watakuja kuyazindua.