Suti, Keki na Upepo wa Bure

Jumatatu, 6 Mei

Bili ya umeme imefika. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikamwuliza mke wangu kama siku hizi tunafulia mtaa mzima. Akasema tunafua za kwetu, na za mama yake tangu alipokuja kwa ajili ya harusi. Nikaikunja bili. Likitajwa jina la mama mkwe huwa nanyamaza.

Ila mimi si mtu wa kuibiwa nikitazama. Kazi yangu ni kukadiria hasara katika kampuni ya bima. Duka likiungua, gari likipondeka, naitwa mimi kusema kimepotea nini na kwa uzembe wa nani. Leo nimekagua nyumba yangu mwenyewe. Wahalifu wawili: mashine ya kufulia na mwenzake wa kukaushia.

Amri zimetangazwa wakati wa chakula cha jioni. Maji ya moto marufuku. Mashine haiwashwi mpaka ijae. Ile ya kukaushia nimeichomoa waya na kuigeuza ikatazama ukuta. Kukamua nako basi, kwa sababu mashine ikikamua inanguruma kama ndege inayopaa, na ngurumo hiyo kuna mtu anailipia.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Aliweka kijiko chini, akauliza kwa upole, nguo zisipokamuliwa, maji yote yale yataenda wapi. Nikamjibu yataenda hewani. Hewa haina mita. Akakichukua kijiko chake.

Jumanne, 7 Mei

Mke wangu kanikabidhi suti yangu niipeleke kwa dobi. Jumamosi mdogo wake anaolewa. Baba yao alishafariki, na shemeji kaniomba mimi nimshike mkono nimwingize ukumbini. Heshima kubwa. Nilipoombwa nilikohoa sana ili machozi yasionekane.

Dobi akataja bei yake. Nikamwuliza kama ananiuzia suti nyingine. Akasema suti ya sufu inataka kusafishwa kwa dawa, si maji. Ndivyo wanavyosema wote wenye dawa ya kuuza.

Nikarudi nayo. Mke wangu alikuwa kazini. Nikaiingiza mashineni pamoja na mataulo, ili mashine ijae kama amri inavyotaka. Maji baridi, kukamua hakuna. Ilitoka nzito kama mtu aliyezimia. Nimeitundika stoo juu ya beseni.

Jioni mke wangu aliuliza kama suti imefika. Nikamwambia iko katika mikono salama. Sikudanganya. Ni mikono yangu.

Jumatano, 8 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mashati kwenye viti, shuka mlangoni, soksi kwenye kila kitasa. Nyumba inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mke wangu kaenda kazini na sketi mbichi, kaacha alama kwenye kiti cha meneja wake. Kanisimulia hilo mara mbili, na mara zote mbili kama kwamba mvua nimeileta mimi.

Suti bado inadondosha matone. Beseni limejaa.

Nilikwenda uchochoroni kumwaga maji hayo ndipo akili ikafunguka. Jirani yetu ni mwoka keki. Mimi namwita Madamu Sukari, kwa siri. Ana kiyoyozi kikubwa, na lile boksi lake la nje linapuliza hewa moto usiku na mchana kuelekea dirisha la jiko letu. Niliwahi kulalamika. Alinijibu kwamba upepo ni wa Mungu.

Vizuri. Basi na mimi ni kiumbe wa Mungu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimelaza mpini wa ufagio kati ya kuta mbili za uchochoro, nikatundika suti mbele ya boksi. Saa moja baadaye mkono mmoja ulishaanza kukauka. Bila shilingi! Nimekaa ndani ya bima miaka mingi na sijawahi kuona faida safi namna hii.

Mvua ikarudi. Nikafunika kila kitu, suti na boksi, kwa shuka nene la kitanda cha wageni, nikabana pembeni kwa mataulo ili joto lisipotee. Ndani kulikuwa kama tanuri.

Shemeji alipita jioni kutoka kwa Madamu Sukari alikokwenda kuitazama keki yake. Ghorofa tano, krimu nyeupe, maua yaliyofinyangwa moja moja. Alisimulia huku akionyesha kwa mikono, na mama mkwe akawa anacheka kama msichana. Nikauliza kwa nini ghorofa tano wakati watu hula ya chini tu.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi boksi lilianza kukoroma. Kufikia saa nne likanyamaza. Nikajua Madamu Sukari naye kapata bili yake, na hatimaye kajifunza kubana matumizi. Nilimpongeza moyoni.

Saa nane mlango ukagongwa. Mama mkwe akafungua. Ni Madamu Sukari, na nyuma yake fundi wa viyoyozi amebeba shuka la wageni na mataulo yetu. Suti alikuwa ameishika Madamu Sukari mwenyewe, kwa vidole viwili.

"Jirani," akaniambia, "hii ni yako?"

Sauti haikupanda hata kidogo. Ingepanda ningejua la kufanya.

Fundi akaeleza kwamba boksi lile linatoa joto nje ili chumba kipoe ndani. Ukiliziba, joto linarudi kulipika lenyewe. Lilijipika mpaka likafa. Chumba cha keki nacho kikapanda joto wakati Madamu Sukari yuko sokoni kutafuta mayai. Ghorofa mbili za juu ziliteleza zikaishia ubavuni mwa ya tatu.

Shemeji aliitwa. Aliitazama keki, akagusa ua moja lililokuwa limelala kwenye krimu, akalirudisha juu. Likaanguka tena. Ndipo akalia, bila kelele, huku akimwomba Madamu Sukari radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Sijui kwa nini hilo lilinichoma. Nilitaka kusema kitu. Nikasema krimu siku hizi ni dhaifu.

Mke wangu anakunja mataulo. Amekunja taulo moja mara nyingi sana.

Jumamosi, 11 Mei

Harusi. Nimevaa suti. Mikono imesinyaa ikaishia karibu na viwiko, lakini bitana, kitambaa chake cha ndani, haikusinyaa, kwa hiyo inachungulia kama mtu wa ndani anayetaka kutoka. Kifungo kimoja kilikubali.

Shemeji aliniona mlangoni mwa ukumbi. Akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Shemeji, wewe kaa tu ukapumzike," akasema. "Mama ataniingiza."

Nikamwambia nilishafanya mazoezi ya kutembea. Akasema anajua. Akanikumbatia, na mshono wa mgongoni ukaachia.

Nimewekwa nyuma ya nguzo. Kwa hiyo nimewaona kwa nusu: bega la mama mkwe, kichwa juu kama siku ya kufungua shule, na mkono wa bintiye umebana wake. Ukumbi mzima ulisimama. Jicho langu lilitoa maji kidogo. Unyevunyevu wa hali ya hewa.

Keki ililetwa ikiwa ghorofa tatu. Madamu Sukari alikesha nayo, ameizungushia feni alizoazima kwa ndugu zake. Watu wameisifia mpaka wakamaliza maneno. Kwamba tatu zimetosha, kama nilivyosema tangu awali, hakuna aliyekumbuka.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu amelipia kiyoyozi kwa akiba yake, bila hata kusoma ripoti yangu ya ukurasa mmoja iliyothibitisha kwamba chanzo cha hasara ni mvua. Kisha akaigeuza mashine ya kukaushia, akachomeka waya, akaiwasha huku akinitazama. Mama mkwe akampigia makofi. Walimu!

Haidhuru. Nina jambo jingine. Juzi, chooni kwenye ule ukumbi wa harusi, nilikuta mashine za kukausha mikono. Nne, ukutani. Unaweka mkono chini yake, upepo wa moto unakuja wenyewe, na mkono unakauka kabla hujafikiria. Umeme ni wa ukumbi.

Leo baada ya kazi nimemwambia mlinzi wa ukumbi kwamba nilipoteza kalamu. Nilikuwa na begi la soksi na fulana mbichi. Nikaongeza mashati na mashuka mawili, maana kwenda na soksi peke yake ni kupoteza safari. Begi likawa zito kwa maji hata halibebeki, ikabidi nikodi teksi, kwenda na kurudi, na dereva akatoza zaidi kwa kulowesha kiti.

Teksi haiingii kwenye bili ya umeme. Kesho naenda tena, na mapazia.