Tumbo la Mama Marieta

Zubery wa Katesh hakuwahi kufanya kazi hata siku moja, na kutoifanya kulimchosha sana. Asubuhi hiyo alikuwa stendi, ameegemea gari, Noah aliyoiazima kwa binamu yake Nurdin, anaangalia watu kama kawaida yake. Akamwona mama mtu mzima, kitenge safi, kikapu mkononi, anaingia choo cha stendi. Akatoka. Hajafika kwenye benchi, akageuka akarudi mbio.

"Konda, nisubiri!" aliita kutoka kule kule. "Mimi nimetoka kwenye mionzi, tumbo halinipi nafasi!"

Nusu ya stendi ilisikia. Konda naye alisikia, akapiga bodi la basi, basi likaondoka. Mama akatoka, akaliangalia vumbi lake, akakaa chini.

Wapo watu ambao wakiona mgonjwa wanaona huruma. Zubery aliona ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole sana. Kwa jina naitwa Zubery, nashughulika na tiba. Mama unatokea wapi?"

"Endasak. Naitwa Mama Marieta."

Akamweleza, maana mtu aliyeachwa na basi huwa na maneno. Saratani ya shingo ya kizazi alitibiwa mbali, ikaisha, Mungu ni mwema. Lakini mionzi iliuchokoza utumbo, halafu mdudu akaingia humo akakataa kutoka. Akipewa vidonge ananyamaza, vikiisha anarudi. Misa mama haimalizi. Msibani anakaa karibu na mlango. Nguo zote amezipunguza.

"Saratani imenishindwa," alisema. "Sasa nife kwa kuhara, Zubery? Nitazikwaje kwa aibu hiyo?"

Zubery akainamisha kichwa kwa muda unaostahili. Kisha akatoa simu, akafungua kitu chenye mishale na rangi nyekundu, akaipitisha mbele ya tumbo la mama. Simu ikalia.

"Nilijua tu. Mionzi haijatoka. Imeganda humo kwenye utumbo. Ninayo dawa inaitwa Safisha Mionzi."

Dawa yenyewe ilikuwa majani ya mpera yaliyochemshwa jikoni na mkewe, Safina, aliyeambiwa kwamba ni ya kuku.

Mama Marieta aliitazama ile simu. Siku anaruhusiwa hospitalini nesi alimkalisha akamweleza kwamba mionzi ile haibaki mwilini, na Mama Marieta ni mtu wa kusikiliza anapoelezwa. Lakini alikuwa ameshakosa kliniki mara mbili kwa sababu ya makonda. Daktari alitaka choo kibichi cha siku hiyo hiyo, akipime, amjue huyo mdudu ni nani, ampe vidonge vinavyomfaa. Choo hakisubiri basi la kesho. Na mbele yake alikuwa amesimama kijana mwenye gari.

"Hela sina, mwanangu," alisema. "Nina ng'ombe tu. Mtamba aliyezaa mara ya kwanza, ana maziwa. Yuko Maretadu kwa kaka yangu."

Zubery alijikaza asitabasamu. "Mimi siangalii mali, mama. Naangalia afya. Ng'ombe anatosha."

"Basi nipeleke kesho nikukabidhi. Ila tutapitia kliniki, ni njia hiyo hiyo. Pale wamejaa watu waliotoka kwenye mionzi, na matumbo ni kama langu."

Zubery akaona ng'ombe mwingine, na mwingine nyuma yake, wamejipanga mpaka mlima Hanang.

Safari hiyo hataisahau. Mama Marieta aliijua barabara kuliko walioichonga. "Punguza, kuna choo cha shule hapa." "Simama, kile kichaka nakifahamu." "Hapa usisimame, wana mbwa." Kila aliposhuka alirudi ametulia, akanawa mikono kwa sabuni yake na maji ya chupa, akaagiza safari iendelee. Mara moja alirudi na kikopo chenye mfuniko, amekifunga vizuri kwenye mfuko, akakiweka kwenye kiti cha mbele.

"Hiki nini, mama?"

"Mzigo wa daktari. Endesha polepole usimwagike."

Zubery aliendesha kama amebeba mayai ya askofu. Madirisha yote aliyafungua, na baridi ya huko si ya mchezo.

Kliniki, Zubery alishuka na mkoba wake wa chupa za Safisha Mionzi. Kwenye benchi walikaa wagonjwa wembamba, wapole, kila mmoja amechagua kiti kwa kupima umbali wa choo. Nesi alisimama mbele yao akaeleza habari za matapeli wanaouza maji ya majani, na kwamba juzi mmoja amekamatwa. Zubery akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akaurudisha mkoba garini, akaukalia.

Mama Marieta akatoka jioni na vidonge vipya. Mdudu alikuwa amejulikana.

Maretadu walikaribishwa vizuri. Kaka yake, mzee Baltazar, alikuwa amewaita majirani, wamekaa uani na blanketi mabegani. Ng'ombe akaletwa, mwekundu, kiwele kimejaa. Mzee akamtemea mate ya baraka, akamwaga maziwa kidogo chini, akasema maneno marefu kwa Kiiraqw. Wazee wakaitikia. Zubery, ambaye kwao ni wauza vitambaa, akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

"Unampokea mbele ya hawa wazee?" Mama Marieta akamuuliza.

"Nampokea kwa mikono miwili."

Akapewa kamba. Wazee wakampa mkono mmoja mmoja, na mzee mmoja akamshika muda mrefu, machozi yakimlenga. Zubery alifikiri ni wivu.

Wiki iliyofuata ng'ombe akaletwa Katesh na vijana wanaoshusha mifugo mnadani, na Zubery akampeleka mnadani moja kwa moja. Mfanyabiashara wa kwanza, Joakimu, akamshika sikio, akaliangalia lilivyokatwa, akaliachia.

"Huyu ni wa Mama Marieta wa Endasak."

"Alikuwa wake. Amenikabidhi mbele ya wazee."

"Walimwaga maziwa?"

"Walimwaga."

Joakimu akamtazama kwa huruma ya kweli. "Umepewa kumtunza, bwana. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya, mwenye ng'ombe anamweka kwa mtu anayemwamini. Maziwa ni yako, mbolea ni yako. Ng'ombe ni wake, na ndama ni wake. Akifa unampelekea ngozi. Ukimuuza, hao wazee wote watakuja kwako na blanketi zao."

Hakuna aliyemnunua. Zubery alizunguka mnada mzima na kamba yake, watu wakimpongeza kwa kuaminiwa. Jioni akamfunga nyuma ya vyumba vyake viwili. Safina akaonja maziwa, akasema mume wake hatimaye amepata kazi.

Miezi ikapita. Mchana mmoja Mama Marieta akaingia uani, mashavu yamejaa kidogo. Safina akamwandalia chai. Akainywa yote, akaomba kikombe cha pili, akakaa. Hakuangalia mlango.

"Shikamoo mama," alisema Zubery, nyasi begani, jasho likimtoka. "Tumbo?"

"Marahaba. Mdudu ametoka. Siku nyingine bado linanivuruga, maharage siyasogelei, lakini Jumapili nimemaliza misa, Zubery. Nimeimba mpaka mwisho." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, bila kuona haya. Kisha akainuka, akampapasa ng'ombe mbavu, moja baada ya nyingine.

"Umemkondesha."

"Kiangazi, mama."

"Wenzako wanakwenda mbali kukata nyasi. Na kliniki yangu ni Jumatatu. Uje na gari mapema, ng'ombe umwachie Safina."

Zubery akafungua mdomo wake uliowahi kuuza maji ya mpera wilaya mbili nzima.

"Shikamoo," akasema, ingawa walikuwa wameshasalimiana.