Wimbo wa Roki Ulionipa Cheo Kanisani

Kyumbi, Machakos
Jumatatu

Kwa Meneja wa Redio,

Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimesoma mpaka darasa la saba, na sijawahi kugombana na redio. Lakini huu wimbo wa kwanza wa hao vijana wa roki, Radi ya Iveti, ule wa "Kuni Mbichi" mnaoucheza kila Jumatano saa kumi jioni, naomba muuache. Sababu zangu ni hizi:

1. Kinyozi Makau amepakana ukuta na kanisa letu, na spika yake inaangalia nje kuita wateja. Saa kumi ndiyo saa ya maombi ya akina mama. Sisi tunafunga macho, nyinyi mnafungulia gitaa.

2. Yule mwimbaji wao Mike haimbi, anapiga mayowe kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Hiyo ningevumilia. Shida ni ngoma. Meneja, mimi ni Mkamba. Nyanya yangu alicheza ngoma za mabega mpaka vumbi likaomba msamaha. Mimi niliokoka, lakini mabega yangu bado. Ngoma ikianza yanatetemeka yenyewe, la kushoto kwanza.

3. Jumatano ya kwanza mabega yalianza nikiwa nimepiga magoti. Nikajifanya nakohoa. Mama Nzembi, jirani yangu, akapaza sauti: "Wuui, muoneni Nzilani! Roho amemshukia!" Wakanizunguka wakilia. Nilitaka kusema, "Hapana dada zangu, ni redio ya Makau." Nilifungua mdomo, ikatoka "Amina."

4. Jumatano ya pili waliniletea mtoto mwenye kikohozi nimwombee. Alipona, nafikiri kwa ile dawa aliyokuwa anakunywa. Ya tatu wakaleta mbuzi, naye aombewe. Ya nne alikuja Mzee wa Kanisa Justus mwenyewe, akasema kwa miaka kumi na minane hajaona mabega yenye imani kama haya.

5. Sasa Jumatano hii nasimikwa kiongozi wa maombi wa kanisa zima. Nafasi hiyo Mama Nzembi ameililia miaka tisa, kwa magoti yake mwenyewe, bila gitaa. Na ndiye aliyenipendekeza! Hapo ndipo naumia, Meneja. Nikimwona sokoni najificha nyuma ya magunia ya maharagwe, na mimi si mtu mdogo.

Kwa hivyo zimeni huo wimbo kabla ya Jumatano. Mabega yakitulia, watajua wenyewe kwamba Roho amehama, nami nitarudi kwenye benchi langu la dirishani bila kelele. Kukiri kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mbele ya sufuria ya mahindi ya muthokoi nikaanza kulia.

Nisalimieni watangazaji wote, hasa yule wa asubuhi mwenye mafua. Anywe tangawizi.

Ni mimi, ninayewaombea bila kutetemeka,
Nzilani wa Kyumbi

Baada ya sahihi: Nikitafuta bahasha, Mama Nzembi ameingia na kitambaa cha kusimikwa alichonishonea, jina langu kwa uzi wa dhahabu. Amealika pia akina mama wa kanisa la Katangi. Meneja, wiki hii msizime. Mahubiri yatakuwa marefu, kwa hivyo uchezeni saa kumi na nusu, na ikiwezekana mara mbili. Watu wa Katangi hawaamini upesi.