Malalamiko Kuhusu Milango ya Lori Langu Kujaa Maji

Kizwite, Sumbawanga

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Mafundi Bodi, Milanzi,

Salamu nyingi, na hongera; nasikia shamba lako la ulezi limejibu mwaka huu.

Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa nimekasirika. Fundi wako Theodory alinitengenezea bodi ya lori, lile kuukuu la bluu aliloniachia marehemu baba. Alikata mabati yaliyooza, akachomelea mapya, akapaka gundi katika maungio yote ili maji yasipenye yakaleta kutu. Kazi ilinipendeza hadi nikamchinjia jogoo. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Milango imejaa maji. Mvua inaingia kwa juu, penye kioo, na chini haina pa kutokea. Nikifunga breki pale Chala, lori linasimama, lakini maji ya mlangoni yanaendelea na safari.

2. Mama Redempta, mteja wangu wa mahindi miaka yote, aliisikia hiyo chubwi-chubwi akataka kujua nimeficha nini. Nikaapa kwamba ni maji matupu. Akaniambia amezeeka bila kuona maji yanayopanda gari, akashusha magunia yake.

3. Juzi chura alilia ndani ya mlango wa kushoto. Sijui aliingiaje, ila ameridhika.

Kwa kuwa kitu chenye maji na chura ni bwawa, naomba moja kati ya haya: ama Theodory avuliwe ufundi aanze upya kwa kuosha brashi, ama nipewe kibali cha kufuga perege katika mlango wa kulia, maana wa kushoto una mwenyeji. Utani kando, Mwenyekiti, naumia. Kutu sasa italila lori kutoka ndani, nisikoona, na baba hakuniachia kingine.

Wasalimie mafundi wote, mama watoto, na yule jirani yako anayenidai salamu tangu Idi.

Ni mimi, niliyelowa,
Mahmud Halfani

Nyongeza: Mke wangu Kauthar ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Amenikumbusha kwamba Theodory aliacha vitundu vitatu chini ya kila mlango, nami nikasema fundi huyu ana haraka, amesahau, nikaviziba mwenyewe kwa gundi iliyobaki. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo barua inakuja hivihivi. Tafadhali mwambie Theodory aje na msumari avizibue, na asiulize nani aliviziba.